Utitiri wa Kajaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, brashi ya chupa na kipande cha sabuni, nikaambiwa nisiguse kitu kingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, binti wa fundi wa magari, na niliingia katika lile jengo la utafiti wa udongo nimevaa kitenge kipya na mtandio ambao mama alinifunga mwenyewe asubuhi hiyo. Msimamizi wa maabara, mzee mkavu aliyetembea na kalamu mbili mfukoni, alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu. "Chupa huoshwa mara tatu," alisema. "Sabuni, maji, kisha maji ya kuchemsha. Ukiosha mara mbili nitajua." Nilidhani ananitisha tu. Wiki iliyofuata niliosha mara mbili, naye akajua.

Nawaandikia ninyi mnaoingia katika kazi hii sasa, kwa sababu mara kwa mara mnanijia nyumbani mkitaka niwaeleze ilivyokuwa zamani. Nitawaeleza. Lakini nawaonya mapema kwamba sikuja kuwapakia asali midomoni. Watu wakistaafu hulainika, hata adui zao huwataja kwa wema. Mimi sikulainika, wala sioni kwa nini nilainike.

Kazi yetu ilikuwa kujua nani anaishi ndani ya udongo. Watu hukanyaga ardhi wakidhani ni vumbi. Chukua konzi moja ya udongo mbichi chini ya matete, na humo mna viumbe kuliko watu wa mtaa wako. Mmoja wao ni utitiri. Mnamjua yule wa kuku, anayewasha. Huyo ni binamu tu. Ukoo wenyewe ni mkubwa mno: wana miguu minane kama buibui, na wengi wao ni wadogo kuliko nukta ninayoiweka mwisho wa sentensi hii. Baadhi hula majani yaliyooza. Baadhi ni wawindaji. Hao hukimbia gizani kati ya chembe za udongo, wakikamata minyoo isiyoonekana kwa macho na kuirarua kwa koleo mbili zilizo mdomoni. Wawindaji ndio waliotupa mshahara, kwa kuwa minyoo wanayoila ndiyo huharibu mizizi ya migomba na maharage.

Niliosha chupa miaka minne. Aliyenitoa kwenye ndoo alikuwa Profesa, mama mmoja wa Kizungu mwenye sauti nene, bingwa wa utitiri, aliyekuja kuongoza maabara yetu. Siku moja alinikuta nimeinama kwenye hadubini yake wakati wa chakula cha mchana. Nilijua kazi imeota mbawa. Akaniuliza kwa Kifaransa, "Unaona nini?" Nikamjibu, "Naona mguu wa kwanza una nywele nyingi kuliko wa pili, lakini hautembelei. Anaunyoosha mbele kama kipofu na fimbo yake." Alimwita msimamizi na kumwambia atafute mtu mwingine wa kuosha chupa.

Kwake nilijifunza kila kitu. Udongo unawekwa juu ya wavu, ndani ya faneli kubwa ya bati. Juu unawasha balbu, chini unatega chupa ya spiriti. Udongo unakauka kuanzia juu, utitiri wanakimbia joto, wanashuka na kushuka hadi wanadondoka kwenye spiriti. Baada ya siku kadhaa unawachambua kwa sindano, mmoja mmoja. Unamlaza kwenye asidi ya maziwa mpaka mwili wake unakuwa angavu. Unamhamishia kwenye kioo chembamba penye tone la gundi, unamfunika kwa kioo kidogo zaidi, unaziba kingo kwa rangi ya kucha. Ndiyo, hiyo hiyo ya wanawake. Niliinunua sokoni chupa sita kwa mpigo, na wauzaji walidhani nina harusi kila mwezi.

Kisha lebo. Hapa Profesa hakuwa na mchezo. Mahali, tarehe, aina ya udongo, jina la mkusanyaji. "Zainabu," alikuwa akiniambia, "utitiri bila lebo ni uchafu juu ya kioo. Na utitiri mwenye lebo ya uongo ni mbaya kuliko uchafu, kwa sababu uchafu haumdanganyi mtu."

Mkusanyaji wetu aliitwa Silvesta. Alikuwa mtu wa Musaga, mtaa ulio juu mlimani, mrefu, mwembamba, mwenye baisikeli nyeusi aliyoipenda kiasi kwamba mkewe, Mama Odeta, alimtania kuwa ndiyo mke mkubwa. Kazi yake ilikuwa kwenda kuchimba udongo tulikomtuma na kuurudisha ukiwa bado na unyevu, ndani ya mifuko ya kitambaa. Kabla ya kufunga mfuko alitia ndani kikaratasi alichokiandika kwa penseli, maana wino hufutwa na maji. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Profesa. Aliwahi kusomea ualimu akaishia njiani. Mimi aliniita dada, nami nilimwita kaka, na miaka yote hiyo sikumsikia akimsema mtu vibaya, ila wanaoazima pampu ya baisikeli bila kuirudisha.

Vita ilipoanza, Profesa alikaa miezi michache, kisha ubalozi wake ukampandisha ndege. Aliniachia sindano zake na kitabu kimoja. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira naye, na leo najua sikumtendea haki.

Sitaandika hapa nani alikuwa kabila gani. Mnaotaka hayo, waulizeni wengine, wapo wengi wanaosimulia kwa raha. Nitasema tu kwamba mji uligawanyika mtaa kwa mtaa, kwamba umeme ulikatika kwa majuma, kwamba kuna siku tulifika kazini tukakuta robo ya watu. Balbu hazikuwaka, kwa hiyo nilizipanga faneli dirishani zikapata jua la mchana, nikazungusha meza kulifuata. Utitiri walishuka vilevile. Utitiri hawajui vita.

Nafasi ya Profesa ilichukuliwa na mwenzetu wa hapa, kijana msomi aliyerudi kutoka masomoni, aliyekuwa na nyumba nzuri Kibenga, karibu na ziwa. Sote tulimwita Shefu, yaani mkuu wa kazi. Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Yeye alifuta jina la mtu, na mimi nimeona lake lipumzike. Nitampa haki yake moja: alijua kutazama. Wapo wenye shahada wanaochungulia hadubini kama wanaochungulia kisima. Yeye alitazama.

Mwaka wa tatu wa vita, Silvesta alileta mifuko mitano kutoka Kajaga, upande wa kaskazini wa mji, kwenye fukwe za wavuvi. Barabara ya huko ilikuwa bado inapitika mchana. Katika mfuko wa tatu niliwapata majike watatu ambao mkono wangu uliwakataa mara moja. Sijui namna nyingine ya kusema. Mgongoni utitiri huyu ana ngao ngumu, na juu ya ngao kuna nywele, kila moja na mahali pake. Wa ukoo ule wote wana nywele za mwisho nyembamba kama sindano. Hawa walikuwa nazo pana, zimepinda kama vijiko. Na koleo zao zilikuwa na meno yaliyopangwa tofauti na ya yeyote niliyewahi kumchora.

Nilipekua vitabu siku mbili. Kisha nikaenda ofisini. "Shefu," nikasema, "kuna utitiri hayumo kitabuni."

"Una hakika?"

"Nimehesabu nywele mara tatu."

"Hesabu mara ya nne, kisha uniite."

Niliporudi kumwita alikuwa tayari amevaa koti jeupe. Alikaa kwenye hadubini mpaka chai yake ikapoa ikaota utando. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu. "Zainabu," alisema, "unajua hii ni nini? Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwona huyu. Hakuna." Siku ile nilimpenda kama ndugu yangu. Tulimwita Silvesta, tukacheka wote watatu, naye akapiga makofi, akatuambia kuwa hata kule alikochimba, chini ya matete, alihisi udongo una harufu ya pekee, jambo ambalo bila shaka alilitunga papo hapo ili naye awemo.

Kutangaza aina mpya ya kiumbe si kusema tu "nimemwona". Unachagua mmoja awe kielelezo, ndiye atakayelibeba jina milele. Unachora kila sehemu yake. Unaeleza anavyotofautiana na jamaa zake. Unasema alipatikana wapi, lini, na nani. Shefu alimwandikia bingwa mmoja wa ng'ambo na kumtumia michoro yangu. Jibu lilikuja na mtu aliyesafiri: ni kweli, ni mpya, lakini maelezo yasiyo na dume yatakuwa nusu maelezo. Dume la utitiri wa namna ile ana kidole kidogo kwenye koleo zake cha kupitishia mbegu, na umbo la kidole hicho ndilo ushahidi usiopingika. Bingwa aliongeza kwamba iwapo kazi ingekamilika vizuri, kulikuwa na nafasi ya masomo ya udaktari kwa mwandishi wake.

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuua.

Kufikia wakati huo Kajaga haikuwa tena mahali pa kwenda. Wavuvi wenyewe walikuwa wamehama. Kila siku tulisikia milio kutoka upande ule. Shefu alimwita Silvesta ofisini, nami nilikuwa mle, nikipanga vioo kabatini. Nilisikia kila neno, na hata neno moja halijanitoka.

"Nahitaji udongo wa palepale," Shefu alisema. "Mfuko mmoja tu."

"Shefu, ile njia imeharibika," Silvesta akajibu. "Watu banarudi kutoka kule, hakuna anayeenda."

"Utaenda asubuhi, saa sita uko hapa. Nani atamsumbua mutu wa baisikeli?"

"Tungoje wiki mbili, tatu. Ikitulia mi naenda mwenyewe, hata bila kutumwa."

"Wiki tatu wengine watatutangulia. Silvesta, we ni mkusanyaji ama apana? Kama siyo, niambie, nitatafuta mwingine. Watu wanaotaka kazi ni wengi."

Silvesta alikuwa na watoto wanne. Alisema, "Sawa, Shefu." Alipopita karibu yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada Zaina, tengeneza faneli. Kesho nakuletea dume, umwoze kwa yule jike wako."

Nilicheka. Nawaambieni ukweli, nilicheka. Sikufungua mdomo kumwambia Shefu kwamba hakuna utitiri anayestahili hatari ile. Nilikuwa nataka dume kama yeye.

Kesho yake saa sita ilipita, saa tisa ikapita. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu, asubuhi, alikuja getini mama mmoja Mkongomani, mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwenye beseni kichwani na mfuko wa kitambaa mkononi. Alitafuta jengo letu kwa kuulizauliza, kwa sababu mfuko ulikuwa na muhuri wetu. Nilitoka mimi.

"Mama, hii ni ya kwenu?" aliuliza. "Mwenye kinga, ile baisikeli nyeusi, amekufa. Alipigwa risasi kwa njia, yeye na bengine bawili. Baisikeli walibeba. Huu mufuko walimwaga kidogo, wakaona ni udongo, wakatupa. Mi nikasema, mutu hawezi kubeba udongo bule. Kuna mwenyewe anaungoja."

Nilimshika mkono, nikamkaribisha ndani. Hakutaka hata maji. Alijitwisha beseni akaenda zake, na jina lake sikulijua.

Ndani ya mfuko kikaratasi kilikuwemo. Penseli, mwandiko ule ule: Kajaga, tarehe, udongo mweusi wenye unyevu chini ya matete, mkusanyaji Silvesta. Alikuwa ameumaliza wajibu wake wote kabla ya kupanda baisikeli kurudi. Niliuweka udongo kwenye faneli dirishani. Msiniulize kwa nini. Mikono yangu haikujua kufanya kitu kingine. Baada ya siku tatu walidondoka madume wanne. Niliwalaza, niliwasafisha, niliwafunika, na nilipoziba kingo kwa rangi ya kucha, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, niliharibu kioo kimoja. Nikabaki na watatu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana kifo chenyewe, katika miaka ile, kilikuwa cha kila siku. Kilichofuata hakikuwa vita. Kilikuwa mtu na akili zake timamu.

Wakuu wa usalama walikuja kuuliza: mfanyakazi wenu alikuwa akitafuta nini Kajaga, eneo lililokatazwa? Shefu, ambaye hakuwa na kibali cha kumtuma mtu huko, aliwajibu mbele yangu, "Sikumtuma. Alikuwa mapumzikoni. Mambo yake binafsi siyajui." Wakaandika, wakaondoka. Nilimtazama. Aliangalia dirishani.

Maneno yale matatu, "mambo yake binafsi", yalipanda hadi Musaga kabla ya maiti. Baba yake Silvesta alikuwa wa kabila la huku na mama yake la kule, na watu wa aina hiyo wakati ule hawakuaminiwa na yeyote. Wakasema alikuwa akipeleka habari kwa wapiganaji. Wakasema alikwenda kufukia silaha, si alikuwa na jembe dogo? Mazishini walikuja watu wachache kuliko wanaotakiwa kubeba jeneza. Watoto wake shuleni waliitwa watoto wa msaliti. Mama Odeta akinunua chumvi dukani, mwenye duka aliweka chenji mezani ili asiguse mkono wake.

Nami nilijua. Na nilinyamaza karibu mwaka mzima. Nilijiambia nina mama mgonjwa, nilijiambia sisi Waswahili wa Buyenzi tumepona kwa kutoingilia ya watu, nilijiambia mengi. Hasira nyingine zote ninazoziandika hapa ni ndogo mbele ya hiyo.

Kilichonizindua ni lebo. Maelezo ya utitiri yalikuwa yamekamilika, michoro ishirini na mbili ya mkono wangu, na Shefu aliniletea karatasi yenye maneno ya kuandika kwenye vioo vya kudumu, vile vitakavyohifadhiwa kwenye makumbusho ya ng'ambo. Nikasoma. Mahali: Kibenga. Mkusanyaji: yeye.

"Shefu, hapa pana kosa," nilisema.

"Hakuna kosa."

"Huyu alitoka Kajaga."

"Alitoka bustanini kwangu. Nilichimba mwenyewe chini ya maua."

"Udongo wa Kibenga nimeuchambua mifuko kumi na moja. Hayumo."

Alifunga mlango. Alizungumza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Zainabu, nikiandika Kajaga, tarehe hii, wataniuliza nani alikuwa Kajaga tarehe hii. Nikiandika Silvesta, wataniuliza nani alimtuma. Silvesta amekufa. Mufu hasomi jarida."

"Mke wake yuko hai."

"Mke wake anajua nini kuhusu utitiri?"

Nikaweka kalamu chini. "Mi siandiki," nilisema. "Tafuta mwenye mkono mwingine."

Alipata. Katika vita mikono haikosekani. Mimi siku hiyo nilichukua kikaratasi cha penseli, nikachukua na daftari la sampuli, lile ambalo kila mfuko ulioingia uliandikwa, na pembeni ya ukurasa kulikuwa na maagizo ya Shefu kwa wino wake wa kijani: "Silvesta arudi Kajaga, mahali palepale, kwa madume." Nilikuwa sijamwibia mtu kijiko maishani mwangu. Daftari lile niliiba, nikalifunga kiunoni chini ya kitenge.

Jumamosi yake ilikuwa kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga, inayofanywa mwaka ukitimia. Nilipanda basi dogo la Musaga. Uani kwa Mama Odeta viti viliazimwa vingi na vilikaliwa vichache. Kulikuwa na ndugu, padri, mkuu wa mtaa aliyekuja kwa wajibu, na majirani waliosimama nje ya ua, wakitazama bila kuingia. Wakati wa kusema maneno ya marehemu ulipofika, hakuna aliyenyanyuka. Mama Odeta alikuwa ameinamisha kichwa. Nikanyanyuka.

"Mimi naitwa Zainabu, natoka Buyenzi," nilisema. "Nilifanya kazi na Silvesta miaka tisa. Nimekuja kuwaambia alikuwa anafanya nini Kajaga."

Nje ya ua waliacha kunong'ona. Nikasoma kikaratasi. Nikasoma daftari, ukurasa, tarehe, wino wa kijani, maagizo ya nani. Nikampa mkuu wa mtaa asome mwenyewe. Aliweka miwani, alisoma, akarudia, kisha akampitishia padri. Mzee mmoja nje ya ua akauliza kwa sauti, "Udongo? Mutu alikufa kwa sababu ya udongo?"

"Kwa sababu ya mdudu aliyemo udongoni," nikamjibu. "Mdudu usiyeweza kumwona. Alitumwa, akasema njia ni mbaya, akaambiwa aende ama aache kazi. Jembe lake lilikuwa la kuchimbia udongo. Hakuwa na siri. Siri ilikuwa kwetu, tulionyamaza. Na mimi ni mmoja wao."

Mama Odeta alininyanyulia macho. Nilidhani atanishukuru. Aliniambia, mbele ya wote, "Mwaka mzima, Zaina. Mwaka mzima mtoto wangu ananiuliza, mama, baba alikuwa mutu mubaya? Na we ulikuwa unajua."

Nilirudi kitini. Lakini yule mzee aliingia uani. Aliketi kwenye kiti cha nyuma. Kisha wakaingia wanawake wawili, kisha yule mwenye duka, kisha wengine, hadi viti vikajaa. Hakuna aliyeomba radhi. Walikuja tu wakakaa. Mama Odeta aliwatazama wakiingia mmoja mmoja, na uso wake haukulainika hata kidogo. Nilimheshimu kwa hilo kuliko neno lolote.

Jumatatu nilirudisha daftari mezani kwa Mkurugenzi, mkubwa wa Shefu, na kikaratasi ndani yake. Aliposikia yote alisema, "Nchi inaungua, na wewe unaniletea utitiri." Nilihamishiwa ghala la mimea mikavu, nikakaa huko miaka sita nikibandika majani kwenye karatasi. Maelezo ya utitiri yalichapishwa: Kibenga, na jina la spishi likamtukuza yule bingwa wa ng'ambo. Shefu akaenda zake masomoni. Mimi nilimwandikia Profesa barua ndefu, na humo maneno ya kikaratasi na ya daftari, ambayo nilikuwa nimeyanakili. Ilichukua muda mrefu kumfikia, na alipojibu alikuwa amekwisha kuchukua hatua: alikwenda mwenyewe makumbusho, akalinganisha michoro, akachapisha masahihisho. Mistari mitatu. Mahali pa kweli ni Kajaga. Mkusanyaji ni Silvesta. Alifariki akiwa kazini. Jina la spishi halikubadilika, kwa kuwa sheria za kuita viumbe hazijali haki: jina likishatangazwa limetangazwa.

Niliipeleka nakala Musaga nikawatafsiria. Mama Odeta aliomba nirudie mstari wa mwisho, akaiweka karatasi katika Biblia yake. Na Shefu alipoulizwa kuhusu masahihisho yale, alisema lilikuwa kosa la uchapishaji.

Mnangoja niwaambie aliadhibiwa? Alirudi daktari. Akawa mkurugenzi. Nilifanya kazi chini yake mpaka siku ya kustaafu kwangu, ambapo alisimama mbele ya wafanyakazi wote akaniita "mama yetu mchapakazi", akanikabidhi saa ya ukutani. Saa ile nilimpa fundi cherehani wa jirani kabla sijafika mlangoni kwangu.

Mtaniuliza tena, kama mnavyoniuliza kila mara, iwapo kazi ile ilistahili. Ndiyo. Nilimwona kiumbe ambaye jicho la mwanadamu halikuwahi kumwona, na nilimchora vizuri, na furaha ya siku ile hakuna awezaye kuniondolea, hata yeye. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kazi ilikuwa nzuri. Haikuhitaji uongo. Iliweza kungoja wiki tatu, iliweza kungoja hata miaka mitatu. Matete ya Kajaga yapo mpaka leo na utitiri wamo. Na ukienda Kibenga na faneli yako, kwa kufuata maandishi ya msomi, utachimba bustani za watu mpaka uzeeke.

Mwaka jana alinijia. Naye amestaafu, anatembea kwa fimbo. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, akanywa chai yangu ya tangawizi, akaulizia wajukuu. Mwishowe akasema, "Zainabu, ule wakati ulikuwa mbaya. Vita ilitufanya wote tusiwe watu. Nisamehe."

Nikamwambia, "Vita haikuandika Kibenga. Uliandika wewe, mchana, na chai mezani. Na mimi siye wa kuombwa. Mama Odeta yuko hai, yuko nyumba ile ile. Ukitoka kwako Kibenga, Musaga ni hapo juu tu."

"Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda wiki hii."

Kila Ijumaa baada ya swala nampigia simu Mama Odeta kumsabahi. Tunazungumza habari za magoti yetu, bei ya mchele, watoto wake ambao sasa ni watu wazima. Kabla ya kukata namuuliza kama amepata mgeni, naye hunijibu neno moja.

"Apana."